Barua ya wazi kwa wasimamizi wa onyesho la ardhi ya Genesee

Kwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi ya Makumbusho,
Magharibi mwa Jimbo la New York, Marekani.

YAH: UBAO UNAOELEZA MAUZO YA ARDHI YA WASENECA, 1788 HADI 1797

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha barua hapo juu. Sisi ni walimu wa historia na waongozaji wa ziara. Tunazileta kwenye onyesho lenu familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo, Burundi na kambi za wakimbizi za Tanzania, ambazo sasa makazi yao ni Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica. Tuliwaandikia faraghani, tukaomba kikao, tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa. Ubao haujabadilika hata mstari mmoja. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Jina la makumbusho hatulitaji, kwa kuwa tunachotaka ni ubao urekebishwe, na hatuna haja ya mtu yeyote kuaibishwa.

Ubao huo unaeleza kwamba mwaka 1788 wafanyabiashara Oliver Phelps na Nathaniel Gorham walinunua ardhi ya mto Genesee kutoka kwa Waseneca, wenyeji asilia wa eneo hilo na mojawapo ya Mataifa Sita ya Wairoquois, na kwamba mwaka 1797 Robert Morris alinunua karibu yote iliyobaki, kila mara kwa bei iliyokubaliwa na pande zote mbili. Miaka ni sahihi na majina ni sahihi. Kilichoachwa ni jinsi bei ilivyopatikana. Mgeni anatoka hapo akiamini kwamba palikuwa na soko, wauzaji upande huu na wanunuzi upande ule. Soko halikuwepo. Mnunuzi alikuwa mmoja, na alichaguliwa na watu wengine kabla mwenye ardhi hajaulizwa neno. Hoja zetu ni hizi.

1. Ubao hausemi nani alimchagua mnunuzi.

Tarehe 16 Desemba 1786, mjini Hartford, majimbo ya New York na Massachusetts yalimaliza ugomvi wao wa muda mrefu. Kila moja lilikuwa na hati ya wafalme wa Uingereza iliyodai eneo lilelile. Waligawana hivi: New York ikachukua utawala, Massachusetts ikachukua haki ya kununua kwanza, yaani haki ya kuwa mnunuzi pekee ambaye wenyeji wangeruhusiwa kumuuzia. Mstari ulianzia kwenye jiwe la maili ya 82 katika mpaka wa Pennsylvania ukaenda kaskazini moja kwa moja hadi Ziwa Ontario. Magharibi yake kulikuwa na takriban ekari milioni 6. Hakuna Mseneca aliyeketi kwenye meza ile.

Aprili 1788 Massachusetts iliiuza haki hiyo kwa Phelps na Gorham kwa pauni 300,000 za jimbo, sawa na dola milioni 1, kwa awamu tatu za mwaka mmoja mmoja. Waliruhusiwa kulipa kwa hati za deni la jimbo, na hapo ndipo palipokuwa na hesabu yao yote. Hati hizo ziliuzwa mitaani kwa takriban senti 20 kwa kila dola moja iliyoandikwa juu yake. Walanguzi walikusudia kuzikusanya kwa bei ya kutupa, kuzikabidhi kwa jimbo kwa thamani kamili, kisha kuuza ardhi kwa fedha taslimu.

Baada ya hapo ndipo Phelps alipowaendea wenye ardhi. Julai 1788, kwenye kijito cha Buffalo, alipata takriban ekari milioni 2.6 kwa dola 5,000 na dola 500 kila mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: zile dola 5,000 ni kama sehemu ya tano ya senti moja kwa ekari. Jimbo ambalo halikuwahi kupanda hata shina moja la mahindi pale liliahidiwa dola milioni moja. Watu waliokuwa na mashamba na makaburi pale walipewa 5,000. Tarakimu hizi mbili tungependa kuziona zikikaa pamoja kwenye ubao wenu, kwa herufi kubwa.

Mwenye ng'ombe aliyefungiwa mnadani na mnunuzi mmoja hawezi kusemwa amekubali bei. Anaweza kukataa leo, lakini kesho na mtondogoo atakayebisha hodi ni mtu yuleyule.

Na msidhani waliokuwa nje ya mpango huu walikaa kimya. Katiba ya New York ya mwaka 1777 ilikataza mtu binafsi kununua ardhi ya wenyeji bila idhini ya bunge la jimbo. John Livingston na wenzake wakatafuta mwanya: mwishoni mwa 1787 waliandikisha na wenyeji mkataba wa kupanga ardhi yao kwa miaka 999, kodi dola 2,000 kwa mwaka. Bunge liliufuta mwaka 1788. Hata hivyo Phelps aliona ni nafuu kuwanyamazisha kwa kuwagawia sehemu ya ardhi kuliko kugombana nao. Ushindani pekee uliokuwepo ukamalizwa baina ya walanguzi wenyewe, na Waseneca hawakuongezewa hata senti.

2. Kinu cha nafaka.

Ubao unataja kinu kama zawadi ya Phelps kwa Waseneca. Tunaomba sana mpime zawadi hiyo. Waseneca walitaka mto Genesee uwe mpaka. Phelps akaomba kipande magharibi ya mto kwa ajili ya kinu cha kusagia mahindi yao. Kipande kilichoandikwa kilikuwa na upana wa maili 12 na urefu wa maili 24. Hizo ni maili za mraba 288, yaani ekari 184,320. Kinu cha maji kinahitaji maporomoko, mfereji, nyumba ya mawe ya kusagia na njia ya kupitisha magunia. Ebenezer Allan, aliyepewa kazi ya kukijenga kwenye maporomoko ambako leo ni Rochester, alipewa ekari 100, na mashine ya kupasulia mbao ikatosha humohumo. Zile ekari 184,220 zilizobaki hazikusaga hata debe moja la unga. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya hesabu hii akiwa amesimama mbele ya ubao, na apewe nafasi hiyo.

3. Bei iliyosikika na bei iliyoandikwa.

Desemba 1790 Cornplanter na viongozi wenzake wawili wa Seneca walimweleza Rais George Washington, mjini Philadelphia, kwamba walichoelewa kwenye kijito cha Buffalo kilikuwa dola 10,000 na dola 1,000 kila mwaka. Walipokwenda kupokea wakakuta nusu. Mazungumzo yalipita kwa wakalimani, hati ikabaki kwa lugha ya mnunuzi, na bei ilikuwa imepangwa na wapatanishi ambao mmoja wao, John Butler, alikuwa na maslahi katika kampuni ya Niagara iliyoshirikiana na walanguzi wa Livingston. Malalamiko haya yamo katika kumbukumbu za serikali. Kwenye onyesho hayamo.

Ubao hauelezi pia Waseneca walikuwa katika hali gani walipoketi kuzungumza. Mwaka 1779, miaka 9 tu kabla, jeshi la Jenerali John Sullivan lilichoma takriban vijiji 40 vya Wairoquois pamoja na maghala na miti ya matunda. Mwaka 1784, huko Fort Stanwix, makamishna wa Marekani walishikilia mateka huku wakidai ardhi, na baraza la Mataifa Sita likakataa kuyathibitisha yale yaliyotiwa saini. Aliyekuja na dola 5,000 mwaka 1788 aliwakuta watu waliokwisha kuchomewa chakula.

4. Ngazi ya bei.

Hapa ndipo ulanguzi unapoonekana vizuri zaidi, na ndipo ubao wenu umenyamaza kabisa. Mwaka 1790 serikali ya shirikisho ilichukua madeni ya majimbo, mpango wa Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha. Zile hati za senti 20 zikapanda bei. Phelps na Gorham wakashindwa kulipa awamu zilizobaki, na haki ya kununua magharibi ya Genesee ikarudi Massachusetts. Robert Morris, aliyekuwa msimamizi wa fedha za Marekani wakati wa vita vya uhuru, akaingia. Kwanza alichukua kutoka kwa Phelps na Gorham zaidi ya ekari milioni moja, na mwaka 1791 akaziuza London, kwa kundi la Sir William Pulteney, kwa pauni 75,000 za Uingereza. Mwaka huohuo akanunua kutoka Massachusetts haki ya upande wa magharibi kwa takriban dola 333,000. Kisha, mwaka 1792 na 1793, akawauzia wenye mabenki wa Amsterdam, Uholanzi, ekari milioni 3.3.

Tunaomba mzingatie tarehe. Mwaka 1793 ardhi hiyo bado ilikuwa ya Waseneca. Hawakuwa wameiuza. Waholanzi walilijua hilo, ndiyo maana walizuia sehemu ya malipo hadi Morris apate hati ya wenyeji ya kuiachia ardhi hiyo. Ardhi iliuzwa Ulaya miaka minne kabla ya mwenyewe kuombwa.

Hata kipimo kilikuwa na kasoro. Mstari wa kwanza kutoka jiwe la maili ya 82 ulipimwa kwa dira ya sumaku mwaka 1788 na ukapinda kuelekea magharibi, ukaiacha Geneva nje ya eneo. Ulipopimwa upya mwaka 1792 kwa vyombo vilivyofuata nyota, kikatokea kipande chembamba cha ekari takriban 84,000 kati ya mstari wa zamani na mpya. Ramani yenu inaonyesha mstari mmoja tu.

5. Big Tree, 1797.

Mwaka 1797 majadiliano na Waseneca yalifanyika Big Tree, karibu na Geneseo ya leo, lakini Robert Morris mwenyewe hakufika. Wadai walikuwa wakimsaka, na angekamatwa njiani. Alimtuma mwanawe Thomas na maagizo ya maandishi: malipo ya siri ya kila mwaka kwa viongozi wenye ushawishi, zawadi kwa wanawake, pombe ishikiliwe hadi kazi iishe. Jeremiah Wadsworth alikuwepo kwa niaba ya Marekani, na William Shepard kwa niaba ya Massachusetts.

Red Jacket, msemaji wa Waseneca, alikataa, akatangaza kwamba moto wa baraza umefunikwa. Kwa taratibu za Waseneca, kikao kilikuwa kimekwisha. Thomas Morris hakuondoka. Aliwaendea wanawake, akawaambia fedha hizo zitawavisha wao na watoto, akawagawia vitu alivyokuja navyo. Alijua anachofanya: kwa sheria ya Waseneca ya wakati ule mashamba yalikuwa ya wanawake, wao ndio waliowateua machifu, na wao pamoja na wapiganaji walikuwa na uwezo wa kulichukua jambo la ardhi kutoka mikononi mwa wazee. Majadiliano yakafunguliwa upya kwa njia hiyo, na tarehe 15 Septemba 1797 hati ikatiwa saini. Onyesho lenu limeweka picha za wanaume peke yao. Wanawake wa Seneca walikuwa ndio mlango wa mkataba ule, na hawatajwi.

Bei ilikuwa dola 100,000 kwa takriban ekari milioni 3.5, chini ya senti 3 kwa ekari. Fedha hazikukabidhiwa. Ziliwekwa kwenye hisa za Benki ya Marekani kwa jina la Rais, ili Waseneca wapate takriban dola 6,000 za faida kila mwaka. Kibali cha benki hiyo kiliisha mwaka 1811 na hakikuongezwa. Mwaka 1831 ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ili Waseneca walipwe dola 6,000 zao kwa mwaka.

Waseneca walibakiza takriban ekari 200,000 katika vipande vilivyotawanyika. Kimoja, chemchemi ya mafuta ya Oil Spring, maili moja ya mraba, hakikuandikwa kwenye hati. Joseph Ellicott, mpimaji wa Waholanzi, alikiweka kwenye ramani na nakala ikakabidhiwa kwa Waseneca. Miongo mingi baadaye, mzee Governor Blacksnake aliitoa ramani hiyo mahakamani na kipande kikarudi. Karatasi iliyotunzwa na mzee ilisahihisha mkataba. Hakuna kifaa katika onyesho zima kingewafundisha watoto zaidi ya nakala ya ramani hiyo.

6. Sheria ya wakati ule.

Kwa kifupi, maana hapa hakuna ubishi. Sheria ya shirikisho ya tarehe 22 Julai 1790 ilibatilisha ununuzi wowote wa ardhi ya wenyeji usiofanywa kwa mkataba wa wazi chini ya mamlaka ya Marekani. Mwaka 1795 New York ilinunua hata hivyo, bila mamlaka hayo, ekari takriban 100,000 za Waoneida, taifa lingine la Wairoquois, kwa karibu senti 50 kwa ekari, ikaziuza kwa zaidi ya dola 3. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, William Bradford, alikuwa ametoa maoni mwaka huohuo kwamba jimbo halina uwezo huo peke yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ununuzi ule ulivunja sheria, lakini mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilisema muda mrefu mno umepita kwa Waoneida kurudisha mamlaka yao juu ya ardhi waliyoinunua tena. Ubao wenu unaishia 1797, kana kwamba jambo lilifungwa.

Sasa tujibu mapema yale tuliyokwisha kuyasikia.

Mtasema walitia saini. Ndiyo, na saini zao ziheshimiwe kwa kuelezwa zilivyopatikana: nani alilipwa kwa siri, nani alifunga kikao, nani alikifungua tena.

Mtasema walanguzi nao walipoteza. Ni kweli. Morris alifungwa kwa madeni Philadelphia mwaka 1798, na Phelps alifia kizuizini Canandaigua mwaka 1809, naye akiwa na madeni. Waliweka dau na dau likawashinda. Hakuna hata ekari moja iliyorudi kwa Waseneca kwa sababu hiyo. Haki ya kununua iliendelea kuuzwa, na mwaka 1810 ikaangukia mikononi mwa David Ogden, ambaye kampuni yake ilisimama nyuma ya mkataba wa 1838 uliolenga kuchukua hata vile vipande vilivyobaki.

Mtasema tunawapaka Waseneca na ndugu zao rangi ya malaika. Hapana. Mwaka 1768, huko Fort Stanwix, Wairoquois walipokea zaidi ya pauni 10,000 kwa ardhi iliyojumuisha maeneo ya kusini mwa mto Ohio ambako Washawnee, wenyeji wengine wasio Wairoquois, waliwinda, na Washawnee ndio walioingia vitani kwa sababu hiyo. Liandikeni hilo pia. Watu waliojadiliana kwa akili na maslahi yao wanastahili kuelezwa hivyo, na ujanja wao wa 1768 unaonyesha wazi kwamba mwaka 1797 hawakuzidiwa kwa ujinga. Walizidiwa kwa sababu mnunuzi wa pili hakuruhusiwa kuwepo. Hata Mkataba wa Canandaigua wa tarehe 11 Novemba 1794, ambao Wairoquois wanauheshimu hadi leo, na ambao kwa ajili yake Marekani bado inapeleka vitambaa kila mwaka, unasema ardhi ni yao hadi watakapochagua kuwauzia watu wa Marekani, wenye haki ya kununua. Sharti la Hartford limo humo pia.

Mtasema nafasi kwenye ubao haitoshi. Maneno ya sasa kuhusu urafiki na maendeleo yanachukua theluthi ya ubao.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

a) Ubao uandikwe upya, ukianza na Hartford 1786 na haki ya kununua kwanza, kabla ya kumtaja Phelps.

b) Iwekwe ngazi ya bei ya ardhi hii, kutoka Massachusetts hadi London na Amsterdam, na pembeni yake kile walichopata Waseneca katika kila hatua.

c) Ramani ionyeshe mistari yote miwili ya upimaji, eneo la kinu kwa vipimo vyake, na vipande vilivyobakizwa 1797, Oil Spring ikiwemo, pamoja na vile ambavyo bado ni vya Waseneca: Allegany, Cattaraugus, Oil Spring na Tonawanda.

d) Nafasi ya wanawake wa Seneca katika majadiliano ya Big Tree ielezwe kwa kina.

e) Rasimu ipelekwe kwa Taifa la Seneca na kwa Waseneca wa Tonawanda, isomwe na kurekebishwa nao kabla ya kuchapwa. Sisi tunaweza kuwa tumeona makosa ya tarakimu. Wao ndio wenye kauli juu ya historia yao.

Rasimu ya maandishi ya Kiswahili kwa hoja (a) hadi (d) tumekwisha kuiandaa na tutaikabidhi bila malipo siku mtakayotuita. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa Bodi kabla ya msimu mpya wa ziara za shule kuanza. Hadi hapo tutaendelea kuzileta familia, na tutawasomea mbele ya ubao huo yale ambayo haujayasema.

Tunawasilisha.

Wenu,
Walimu na waongozaji wa ziara za Kiswahili,
Magharibi mwa New York